Hodi ya Mlango wa Jikoni

Bawshar, Maskati
Jumapili, 26 Aprili 2026

Mapengo wangu mpendwa,

Assalaam alaykum, we mtu! Usinune. Najua meno yameshaota miaka kumi na tano sasa, lakini kwangu mimi wewe ni Mapengo mpaka tuzeeke. Hujambo? Kifua kimepoa au bado unakohoa kama jenereta? Na mgongo wa Shangazi Bakhita vipi, keshakwenda kwa yule mkandaji wa Kikwajuni au bado anasema kesho? Sisi hapa wazima, alhamdulillahi. Joto limeshaanza kututia adabu, lakini alfajiri mtu bado anaweza kukaa nje akapumua.

Najua utaigeuzageuza karatasi hii ukitafuta nani kafa. Hajafa mtu. Nimeandika kwa mkono kwa sababu mbili. Kwanza, ulisema mwenyewe kwamba voisi zangu za dakika kumi na moja unazisikiliza kwa mafungu. Pili, Bibi. Nikifungua simu tu keshauliza nani huyo, anasemaje, mpe nimsalimie, na hili la leo hafai kulisikia. Ami Humaid anakuja Unguja kesho, nimemtia barua kwenye begi lake la mkononi. Nimeigundisha kwa gundi maana namjua.

Basi nianze na ndege, maana bila ya ndege hakuna habari.

Si unajua nipo mwaka wa pili wa masomo ya uzamili, takwimu? Mwalimu wangu, Dokta Ghaliya, alisema kila mtu akakusanye hesabu zake mwenyewe, asichote za watu kwenye mtandao. Wenzangu wamechukua magari kwenye mataa na foleni za benki. Mimi nimechukua ndege. Wallahi hata sijui ilikuwaje! Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za jiko la nje nakunywa chai, akaja ndege wa buluu, buluu ya kung'aa utasema kapakwa, akatua kwenye waya. Nikamwangalia. Nikajiuliza, huyu nani? Nna miaka ishirini na nne, nimezaliwa mtaa huu, na jirani yangu huyu simjui hata jina. Niliona aibu, Mapengo. Siku ile ile nikaanza.

Hakuna alonifundisha. Nna simu, nna kitabu kimoja cha maktaba ambacho nshakiongezea muda mara sita, na nna darubini niliyoinunua Hamriya kwenye duka la vitu vilivyotumika, jicho la kushoto lina ukungu. Mwenye duka alidhani nataka kutazamia mwezi wa Idi. Nilipomwambia nataka kuangalia ndege wa mtaani akaniuliza, kwani bila ya darubini hawaonekani?

Na makosa nimefanya, usiniulize! Kuna ndege anaitwa chozi hapa, anakuja kunyonya maua kwenye ukuta wetu. Mimi nikawa naandika chozi wa aina mbili, mmoja mweusi wa kumeremeta zambarau, mmoja wa rangi ya vumbi mwenye mstari mweusi kifuani. Wiki tatu nzima naandika aina mbili, najiona mtaalamu. Siku moja akaja mmoja nusu vumbi nusu zambarau, kama mtu kavaa kanzu ya mwenzake mkono mmoja. Kumbe ni huyo huyo! Dume hubadilisha manyoya, msimu wa mapenzi ukifika anavaa. Nikafuta wiki tatu za kazi huku nacheka peke yangu.

Siku za Ijumaa namsumbua Ami Humaid anipeleke kwenye mabwawa ya Ansab kuangalia heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu. Analalamika njia nzima. "Injinia wa barabara mimi, nimekuwa dereva wa kunguru!" Namwambia, "Ami, hawa heroe, si kunguru." "Wana miguu miwili, wanakula, wanakunya. Kunguru." Halafu tukifika yeye ndiye wa kwanza kutoa simu, na jioni picha zimejaa kwenye grupu la ukoo, "Leo nimeona heroe mia na arubaini." Nani alowahesabu? Mimi!

Lakini kazi yenyewe hasa iko nyumbani. Kila siku jua likichomoza nakaa robo saa kwenye zile ngazi za jiko la nje, naandika kila ndege nnayemwona: tetere, jurawa, shore, kwale, na mina. Kila siku, hata nikiwa na homa, hata dunia ikipinduka. Na kama sikuona kitu naandika sifuri. Dokta Ghaliya hataki kuona nafasi tupu kwenye daftari la mtu, anasema sifuri nayo ni hesabu.

Mina ndiye nnotaka kukuhadithia. Ni jamaa wa kwenzi, Bibi mwenyewe anamwita kwenzi. Kahawia, kichwa cheusi, mdomo na miguu ya manjano, na kiraka cha manjano nyuma ya jicho. Anatembea kama bwana afya alokuja kukagua majiko ya watu. Wako wengi mno mtaani, lakini kuna mmoja wa Bibi. Kila asubuhi Bibi anamwekea vipande vya rakhali kwenye ngazi, ule mkate mwembamba kama karatasi, na yeye anakuja kula kwa madaha yote.

Sasa sikiliza. Tangu mwaka jana Bibi alikuwa anatwambia, "Yule ndege wangu anapiga hodi." Tukacheka. Ami Humaid hakucheka. Alimwita baba pembeni, akasema mama anasikia watu mlangoni na watu hawapo, labda apelekwe kwa daktari wa mambo ya kusahau. Iliniuma. Nikasema mimi nitamrikodi huyo ndege, daktari baadaye.

Siku ya tatu nikampata. Nilijibanza nyuma ya mtungi wa gesi, simu mkononi, mguu umekufa ganzi. Akala, akapangusa mdomo kwenye ngazi, huku na huku, halafu akainua kichwa akasema, kwa sauti ya puani kama mtu aliyemo ndani ya chupa: "Hodiii. Hodi wenyewe?"

Mapengo, nilisisimka mwili mzima! Nilimchezea Ami Humaid sauti ile mara nne. Mara ya kwanza akasema nimeigiza mimi. Mara ya nne akakaa chini. Khalas, habari ya daktari ikafa hapo hapo, na Bibi akatembea nyumba nzima na simu yangu kama kashinda kesi.

Lakini mimi nikawa silali na swali moja. Kajifunza wapi? Bawshar hii nani anapiga hodi? Watu wanabonyeza kengele, au wanakaa ndani ya gari nje ya geti wanapiga simu, "Niko nje, toka." Kwa mtaa wetu mzima mtu wa hodi ni mmoja tu, Bi Kheiria.

Sijui kama unamkumbuka. Ulipokuja ile mara moja ndiye alokupa halua ukaila na karatasi yake. Yeye na Bibi wametoka skuli moja huko Unguja, wamekuja Oman mwaka mmoja, viwanja wakaombea vya ukuta kwa ukuta, na wakatoboa kijilango baina ya bustani mbili. Miaka thelathini Bi Kheiria anavuka kile kijilango kila asubuhi, anakuja mpaka mlango wa jikoni, na hata mlango ukiwa wazi na unamwona anakuja, hatii mguu mpaka apige hodi. "Hodiii. Hodi wenyewe?" Akiitikiwa anaingia. Akipiga mara tatu asiitikiwe anarudi kwake, hana kinyongo, ndivyo walivyolelewa. Na muda wote huo mina yuko kwenye ngazi anakula rakhali, masikio wazi. Nilipoichukua ile sauti nikailinganisha na voisi za Bi Kheiria kwenye simu ya Bibi, ule mvuto wa mwisho ni ule ule. Ndege kajifunza kwake!

Nilitaka kukimbia nikamwambie. Nikakumbuka siwezi. Tangu wiki ile baada ya Idi Bi Kheiria haji kwetu. Kijilango kafunga komeo upande wake. Bibi hajui kwa nini, na hataki kuuliza. "Mimi sijamkosea mtu. Aliyesusa yeye, aje yeye." Na wiki iliyopita ndo tukasikia mwanawe Safwan anamhamisha, anampeleka akakae nae Sohar. Anahama Alkhamisi hii inayokuja. Bibi aliposikia akasema, "Safari njema," akaendelea kuchambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

Juzi sasa. Nimekaa na Bibi kwenye ngazi, nimemaliza kuhesabu, nae anamsimanga ndege wake kama kawaida. Ananiambia, "Huyu mshenzi kaninyanyua sana na magoti yangu haya. Nasikia hodi, naamka, nafungua, hakuna mtu, yeye huyo ananitazama. Mpaka siku ile ya mvua nikasema leo sinyanyuki."

"Siku gani ya mvua, Bibi?"

"Ile iliyofunga maskuli. Asubuhi na mapema, umeme hakuna, mimi nimelala kwenye kochi la jikoni, yeye hodi! Hodi wenyewe! Nikamwambia, kila siku kula kwangu tu, huchoki? Leo nenda kale kwa wenzio! Akapiga tena. Nikachukua ndara nikaurushia mlango, pwaa! Nikamwambia nshasema, toka! Akanyamaza." Akacheka. "Tena akasusa, mwanangu. Rakhali yake siku ile hakuigusa, imerowa pale pale mpaka jioni."

Nikacheka na mimi. Halafu nikaacha kucheka.

Nilifungua daftari. Siku ile, wiki ile ile baada ya Idi, ngazi zilikuwa zimejaa maji, nilihesabia kwenye dirisha la juu, kutoka kule naona miti na ukuta na nyaya, mlango wa jikoni siuoni. Tetere wawili, wamerowa. Jurawa sifuri. Shore sifuri. Mina sifuri. Na pembeni nimeandika kwa mkono wangu, "Robo saa nzima, mtaa mzima, hakuna hata mmoja, wamejificha."

Rakhali haikuguswa kwa sababu ndege hakuja. Basi nani alopiga hodi?

Sikumwambia Bibi kitu. Nilipita njia ya mbele, nikabonyeza kengele ya Bi Kheiria kama mgeni. Nyumba imeshajaa maboksi. Alifurahi kuniona lakini kwa mbali, unajua mtu anavyokukaribisha huku kashika mlango. Nikamchezea ile sauti ya ndege bila ya kusema kitu. "Hodiii. Hodi wenyewe?"

"Umenirikodi lini mimi?" akasema.

"Si wewe, Bi Kheiria. Ni ndege."

Hakuamini mpaka nilipomwonyesha picha. Nikamhadithia yote, rakhali, magoti, ndara, daftari, mina sifuri. Akakaa juu ya boksi. Akaniambia siku ile ya mvua maji yalimwingilia sebuleni, umeme umekatika, yuko peke yake na anaogopa radi tangu utotoni. Alikuwa na mbaazi za nazi alizozipika usiku. Akatia kwenye sahani, akafunika kawa, akafungua mwavuli akavuka kijilango. Akapiga hodi. Akasikia kwa masikio yake sauti ya shoga yake wa miaka sitini, "Kila siku kula kwangu tu, huchoki?" Na yeye kashika sahani! Akadhani labda kuna mwengine ndani anaambiwa. Akapiga tena. Ndara.

"Ya tatu sikupiga," akasema.

Halafu akaanza kucheka. Alicheka, Mapengo, mpaka mtandio ukamwanguka, anapiga mapaja, "Ndara! Masouda kanirushia ndara kwa sababu ya kwenzi!" Nikacheka nae, nikaona tumeshamaliza, nikainuka nikamshike mkono twende kwetu saa ile ile. Nikamtazama, kumbe analia.

"Kaa," akaniambia. "Huendi kumwambia."

"Kwa nini? Si kosa tu!"

"Kosa, nimesamehe. Lakini nisikilize, mwanangu. Nimekaa hapa mwezi mzima nikisubiri aje aniulize, we Kheiria, una nini? Basi. Maneno manne. Hakuja. Huyo ndege kanijua mimi kwa sababu miaka thelathini ni mimi nnovuka. Hodi ya Masouda ndege gani anaijua?"

Nilitaja magoti ya Bibi. Akasema magoti ameanza kuumwa mwaka juzi.

"Ukimwambia atakuja, namjua," akasema. "Atakuja na aibu yake, ataniomba radhi mpaka nichoke. Mimi sitaki radhi. Nataka aje kwa sababu naondoka. Niapie hutamwambia."

Nikaapa. Sijui kwa nini nimeapa! Kanishika mkono, macho yamejaa maji, ungekuwa wewe usingeapa?

Sasa nimerudi nyumbani na siri nimeibeba peke yangu. Bibi kila saa yuko dirishani. Pikapu ya Safwan ikija kuchukua vitu anajua kimetoka nini. "Kabati la nguo lile, tulilinunua pamoja." "Jiko wanalibeba vibaya, litapasuka kioo." Jana alasiri nimemkuta kavaa buibui, kajitia na udi, kakaa kwenye kiti karibu na mlango wa jikoni, mkoba mapajani. Nikamuuliza unakwenda wapi, Bibi? "Nnakwenda wapi mimi? Nimevaa tu." Nikajifanya nina kazi juu. Niliposhuka baada ya nusu saa kavua, anakata vitunguu.

Leo alfajiri nimehesabu tetere kumi na mmoja, jurawa ishirini na nne, mina tisa. Mimi ni mtu wa kuuliza, unanijua, kila kitu nataka kukifungua nione ndani kuna nini. Hii nimeifungua mwenyewe na sasa sijui kuifunga. Nikisema, Bibi atavuka leo hii hata kwa kutambaa, nami nimevunja kiapo, na Bi Kheiria ataondoka akijua shoga yake kaletwa na aibu. Nikinyamaza, labda Bibi atalivaa tena lile buibui na safari hii atatoka. Au hatotoka, na Sohar ni saa mbili na nusu kwa gari, wote wawili hawaendeshi, na umri wao unaujua.

Nisalimie Shangazi Bakhita, mwambie mama yake mzima na bado ana sauti. Nisalimie mdogo wako Msellem, mwambie yule ndege alonitumia picha si tai, ni mwewe, na alikuwa nyuma ya waya wa kuku kwa hiyo ajiulize vizuri kafuata nini. Mungu akutieni nuru nyumbani kwenu, akuondoshee hicho kikohozi, na atukutanishe kabla ya mmoja wetu hajaolewa.

Barua itakufikia kesho magharibi. Ukinijibu Jumanne, nina Jumatano nzima ya kufanya utakaloniambia. Usinipe jibu la kunifurahisha, nipe la kweli. Ungekuwa wewe, Mapengo, umekaa jikoni na Bibi anachungulia dirishani, ungemwambia au ungenyamaza ukasubiri avuke mwenyewe?

Ni mimi ndugu yako nikupendaye na nisiyetulia,
Hajar